Hilo Bega Lina Jina?

"Dada yangu, hiyo ni misuli tu. Si umesema wewe ni msusi?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi. Mikono iko juu kutwa nzima, bega litaachaje kuuma? Punguza kazi, meza vidonge hivi."

"Nilifunga saluni mwezi mzima, daktari. Likauma vilevile. Linakuja na siku zangu. Linaanza tumbo, kinafuata kiuno, halafu bega hili la kulia, mpaka kuvuta pumzi nashindwa."

Kicheko kikasikika ndani ya chumba.

"Bega na hedhi wapi na wapi? Haya, mwingine aingie!"

Nje ya mlango ule, fundi wa makochi alikuwa amepiga magoti, anavalisha ngozi mpya mabenchi ya wagonjwa, misumari midogo ameibana kwa midomo. Nyundo ikamgandia hewani. Sauti ile angeitambua hata katikati ya gulio. Akatema misumari kiganjani na kusimama.

Mlango ukafunguliwa. Msusi akatoka amejikunja kidogo, mkono umeshika ubavu. Alikuwa amekonda. Ila vidole vilikuwa vilevile, virefu, havitulii, vinasokota ncha ya mtandio kama vinasuka.

"Vidole," fundi akaita. Hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo.

Msusi akageuka. Akamtazama, akaitazama misumari kiganjani mwake.

"Fundi. Bado unakula misumari?"

"Bado."

"Utakuja kuimeza siku moja."

"Ndivyo ulivyokuwa unasema, na mpaka leo niko hai."

Kidogo wacheke wote wawili. Kisha fundi akakosea.

"Nimesikia mlivyokuwa mnaongea humo ndani. Habari za bega."

Uso wa msusi ukajifunga papo hapo.

"Basi na wewe cheka. Si ulianza wewe? Wenzako wanamalizia tu."

Akaondoka, anatembea taratibu huku ameegemea ukuta, na fundi akabaki amesimama na nyundo yake kama mlinzi asiyejua analinda nini.

Zamani walitenganishwa na ukuta wa mbao. Upande huu karakana ya makochi, upande ule saluni. Harufu ya gundi ilivuka kwenda kwa msusi, harufu ya mafuta ya nywele ikavuka kuja kwa fundi, na wateja wa pande zote mbili wakalalamika. Wao wenyewe hawakulalamika. Walizungumza kupitia nyufa za ukuta, mikono ikiendelea na kazi.

"Fundi, mbona leo nyundo imenuna?"

"Nyundo haijanywa chai."

"Na mwenye nyundo?"

"Yeye ndiye hajanywa kabisa."

Basi kikombe kingezunguka, kimefunikwa na kisahani. Jioni wangefunga milango, wakaketi kwenye kochi la mteja ambaye hajaja kulichukua, redio inaimba, mvua ikijisikia inapiga bati. Msusi alikuwa na kicheko kinachoanzia mbali, kama gari linalopanda mlima, na kikifika kileleni hata wapita njia wanacheka bila kujua sababu. Fundi aliwahi kumwambia kuwa akizeeka, kicheko hicho ndicho angependa kukisikia chumba cha pili.

Lakini kila mwezi msusi alipotea. Saluni inafungwa, simu haipokelewi, unakuja ujumbe mmoja tu: "Sipo vizuri. Tuonane wiki ijayo." Wiki ijayo anarudi, macho yameingia ndani, anatabasamu, hasemi kitu.

Dada mkubwa wa fundi, mwanamke mwenye mdomo usiojua kufuli, ndiye aliyeleta habari.

"Mwanamke wako nimemwona kwa macho yangu anashushwa kwenye teksi. Amekumbatiwa na mwanaume, kichwa kiko begani kwake. Kaka, wewe unapigilia misumari, wenzako wanakalia kochi!"

Fundi akamsubiri msusi hadi aliporudi kazini.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naumwa."

"Unaumwa nini kila mwezi kama kodi ya nyumba?"

Msusi akasitasita. Alijua jibu lake linavyosikika.

"Tumbo. Halafu bega."

"Bega!" Fundi akacheka kicheko kibaya. "Hilo bega lina jina? Lina simu? Nipe niongee nalo."

Msusi hakulia wala hakugombana. Alifungasha mashine zake, vioo vyake na ndoo ya rasta, akahamia mtaa mwingine. Upande ule wa ukuta akaingia muuza vipuri asiyejua hata kusalimia. Miaka ikapita. Fundi alipata wateja wakubwa, akapata na wachumba wa kusukumiwa na dada yake. Kila mara aliona kasoro: huyu anacheka kwa pua, yule hacheki kabisa.

Na yule mwanaume wa teksi? Alikuwa dereva. Alimbeba abiria aliyezimia kwenye kiti cha nyuma. Fundi aliyajua hayo siku ileile ya hospitali, alipokwenda moja kwa moja nyumbani kwa shangazi aliyemlea msusi, akasimama kizingitini na kofia mkononi.

"Karibu, baba," shangazi alisema. "Umechelewa, lakini karibu."

"Shangazi, ni kweli alikuwa anaumwa?"

"Mimi ndiye niliyekuwa namshika akitapika. Mimi ndiye niliyekuwa namsikia akiuma mto ili majirani wasisikie. Hospitali ya kwanza walisema vidonda vya tumbo. Ya pili, akizaa ataacha. Ya tatu wakamwambia ana mawazo, atafute mchumba." Shangazi akamkazia macho. "Na mchumba mwenyewe ndiye wewe."

Kesho yake ujumbe ukaingia kwenye simu ya msusi.

"Vidole, ni mimi. Sikuombi turudiane. Nilikucheka, na ulikuwa unaumwa. Nisamehe ukiweza. Mteja wangu mmoja ni muuguzi hospitali ya rufaa, anasema kuna daktari wa wanawake pale anayesikiliza. Nimeomba nafasi Jumatano."

Msusi akajibu baada ya muda mrefu.

"Namba yangu umeipata wapi?"

"Kwa shangazi."

"Shangazi ni msaliti."

"Amesema nikwambie anakusalimia, na uvae nguo nyepesi Jumatano."

Jumatano wakaketi watatu kwenye foleni, shangazi katikati kama mpaka wa nchi mbili. Aliposinzia, msusi akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama fundi:

"Unakumbuka lile kochi la kijani?"

"La yule mzee aliyelipa nusu akatokomea?"

"Tulikalia lile kochi mwaka mzima."

"Lipo. Sikuliuza."

"Kwa nini?"

"Nani atanunua kochi lenye harufu ya mafuta ya nywele?"

Msusi akauma mdomo ili asicheke. Foleni ikasogea.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Alimtazama fundi kwanza.

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni… jirani wa zamani."

Shangazi akakohoa kikohozi kisicho na kifua. Msusi akasema, "Acha abaki, daktari."

Akaanza kueleza. Aliongea haraka, kama mtu anayejua atakatizwa. Tumbo linalokata kama wembe. Kiuno. Choo kinachouma siku zile. Kutapika. Kisha akanyamaza.

"Ni hayo tu?" daktari akauliza.

"Ni hayo tu."

Fundi akainama kwake, akanong'ona: "Mwambie na bega."

"Watacheka."

"Mwambie."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Bega gani?"

"La kulia," msusi akasema. "Linauma siku zilezile tu. Damu ikiisha, nalo linaacha. Najua halihusiani, daktari, najua…"

"Nani amekwambia halihusiani?"

Msusi akainua uso.

"Kila mtu," msusi akasema.

Daktari akavuta kiti chake karibu. "Sikiliza, mwanangu. Kuna ugonjwa unaitwa endometriosis. Tishu inayofanana na ile inayotanda ndani ya mji wa mimba huota mahali pasipo pake: kwenye mirija, kwenye utumbo. Kwa wachache hupanda hadi kwenye ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na mishipa ya fahamu ya msuli huo hupeleka maumivu begani. Ndiyo maana linauma bega ambalo lenyewe ni zima."

"Lakini picha zote za tumbo zilitoka safi."

"Picha kuwa safi haimaanishi mgonjwa ni mwongo. Kuna mambo picha haioni. Sijasema unao, nasema nitautafuta. Tutaingiza kamera kwa matundu madogo, tukiukuta tunauondoa palepale."

Msusi akaomba leso. Hakuwalilia wale waliomcheka. Alimlilia huyu aliyemwamini.

Siku ya upasuaji dada wa fundi alifika na chupa ya uji, amefunga kanga kana kwamba anakwenda vitani. Akaketi karibu na shangazi, akatazama sakafu.

"Mama, ule mdomo wangu…"

"Tunaujua," shangazi akasema.

"Nilimwona begani kwa mtu, nikasema mapenzi. Kumbe mtoto wa watu kazimia."

"Siku nyingine ukiona mtu kaegemea mtu, mletee kiti kwanza. Habari utaeneza baadaye."

"Nitaleta kiti, mama. Naapa."

Fundi alizunguka korido, akigusagusa mabenchi, akipima kwa kidole ngozi iliyochanika. Alifikiria miaka ile yote waliyoipoteza, jioni za mvua walizozikalia kila mtu kivyake, chai zilizonywewa bila wa kuzungushia kikombe. Daktari alipotoka, alikuwa anavua kofia.

"Tumeukuta. Kwenye viungo vya uzazi, kwenye utumbo, na pale juu upande wa kulia, chini ya mbavu. Tumesafisha tulivyoweza."

Msusi alipozinduka vizuri na kuelezwa, hakuuliza habari ya kidonda. Alimshika daktari mkono.

"Kwa hiyo sikuwa mwongo?"

"Hukuwa mwongo hata siku moja."

"Naomba uniandikie, daktari. Jina lake kwa herufi kubwa."

Daktari akacheka, akaandika. Kisha akasema yaliyobaki, bila kuyapaka sukari: ugonjwa huu unaweza kurudi, dawa zitaendelea, na kuhusu watoto, wapo wanaopata, wapo wanaochelewa, wapo wasiopata. Akatoka.

Fundi akavuta kiti.

"Umesikia," msusi akasema.

"Nimesikia."

"Dada yako anataka kuitwa shangazi. Amekuwa akiimba hivyo tangu zamani."

"Dada yangu anataka mambo mengi."

"Usinionee huruma, Fundi. Huruma haikai, huisha kama sabuni."

"Sikuonei huruma. Nakuonea wivu. Umeumwa miaka yote hiyo na bado umebaki na kicheko. Mimi sikuumwa chochote, na changu kiliondoka nawe siku uliyohamisha vioo."

Msusi akavuta shuka hadi kifuani.

"Nitakuwa naumwa tena. Kuna siku nitafunga mlango."

"Nitakaa nje ya mlango."

"Kuna siku nitakuwa na hasira."

"Nitakaa mbali kidogo na mlango."

Ndipo kicheko kikaja, kikianzia mbali, kikapanda, na msusi akashika nyuzi zake tumboni, "Usinichekeshe, naumia!" huku anacheka na machozi yanatiririka. Kitanda cha pili, mgonjwa asiyewajua akacheka naye.

Hawakukimbilia ndoa. Msusi alisema anataka kwanza kuchumbiwa upya, tangu mwanzo, kama mtu asiyefahamika. Fundi akamchumbia upya. Alivuka mtaa kila jioni na chupa ya chai, akangojea mteja wa mwisho asukwe, wakaketi na kuongea hadi maneno yakaisha, na hata yalipoisha waliendelea kuketi.

Tarehe ya harusi ikapangwa, na siku mbili kabla yake maumivu yakaamka. Hayakuwa makali kama ya zamani, lakini yalitosha kumlaza. Msusi akampigia fundi, sauti imefifia.

"Kadi zimeshasambazwa. Watu watasemaje?"

"Waseme. Lala."

"Nitajikaza, nimezoea kujikaza."

"Kwa hilo hapana. Umejikaza vya kutosha."

Simu ikanyakuliwa kutoka mkononi mwa fundi. Alikuwa dada yake.

"Wifi, nisikilize. Harusi inasogea wiki ijayo. Wageni niachie mimi."

Na kweli, dada akaupeleka mdomo wake usiojua kufuli mlango kwa mlango:

"Bibi harusi anaumwa. Ni ugonjwa wa kweli, una jina, na mimi nimefundishwa kulitamka. Mwenye swali aniulize mimi, asimuulize yeye!"

Wiki iliyofuata wakafunga ndoa. Mfungishaji alipowataka wasimame kwa ajili ya viapo, msusi akanong'ona kuwa bado miguu haina nguvu. Fundi akaenda nyuma, akabeba kiti, akamkalisha. Kisha akarudi kubeba cha pili, akaketi kando yake mbele ya watu wote. Mfungishaji akawatazama, akafunika kitabu kidogo.

"Mnaapa mkiwa mmekaa?"

"Ndiyo," msusi akasema. "Tunakaa."