Kikombe cha Jiwe

Asubuhi ya tatu tangu asawazishe kinoo, kinyozi alikimwagia maji, maji yakazama. Akamwaga tena, yakazama tena, na uso wa jiwe ukabaki na vumbi kama haujaguswa. Alisimama na kopo mkononi, akajiambia kwamba jua ni kali siku hizi, ingawa ndani ya kibanda chake jua halikuwahi kufika.

Jiwe lilikuwa la baba yake. Mzee alilitoa mwenyewe kwenye kisima kilichokauka, akanolea nyembe juu yake miaka arobaini, hata katikati pakabonyea kama kikombe kidogo. Alikuwa na desturi yake: alinoa pembeni, akikizunguka kikombe, na kila alipofunga kazi alikijaza maji akakiacha hivyo. Mwana aliona ni uzee tu. Wembe hulala bapa juu ya jiwe. Jiwe likiwa na bonde, makali hayanyooki, na shingo ya mteja ndiyo huumia. Kwa hiyo mzee alipopofuka, mwana alikisugua kinoo kwenye sakafu ya saruji kwa mchanga na maji, siku mbili nzima, mpaka kikombe kikafutika.

Na wembe ukawa mtamu. Fundi viatu wa jirani, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakunyamaza hata akiwa na povu mdomoni, alipokalia kiti asubuhi hiyo alinyamaza.

"Unaanza lini?" akauliza mwishowe.

"Nimemaliza."

"Acha utani. Sijasikia kitu." Alijipapasa kidevu. "Hata kidevu chenyewe sikisikii."

Chini ya taya yake kinyozi aliona mkato mrefu kama kidole, umeachama, ndani mweupe. Hapakuwa na tone la damu. Taulo lilikuwa jeupe, povu jeupe. Nyuma ya pazia, alikoliweka jiwe, ilitoka harufu ya tope la kisimani, na sauti aliyoijua tangu utotoni: shwaa, shwaa, wembe ukinolewa. Wembe wake ulikuwa mkononi.

"Umepata msaidizi?" Redio aliuliza, akishuka kitini kwa kuyumba.

"Hapana."

"Basi mwambie huyo asiyekuwepo apunguze bidii."

Kesho yake Redio hakufungua kibanda chake. Mkewe alisema analala tu, na kwamba amepoa kama ukuta.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya baba. Kinyozi alimkalisha, akampaka povu, akapitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi, na alipougusisha tu chini ya sikio la mzee ile shwaa ilianza tena nyuma ya pazia, safari hii haraka, na harufu ya tope ikajaa kibanda, na wembe ukaacha njia aliyoupangia ukashuka kooni, ukitafuta kile kishimo kilicho kati ya mifupa ya shingo, naye akauzuia kwa mkono wake wa pili, na mikono yote miwili ikaendelea kushuka.

"Mwanangu," mzee alisema polepole, "mkono unatetemeka au unavutwa?"

"Unavutwa, baba."

"Kikombe kiko wapi?"

"Nilikisawazisha."

Mzee alivuta pumzi. "Mwenye kisima nilimtoa kwake pamoja na jiwe, tukaelewana. Miaka yote namwekea maji. Sasa umemvunjia nyumba, ulitaka anywe wapi?"

"Nitamwekea bakuli. Nitamrudisha kisimani."

"Kisima kilifukiwa, juu yake wamepitisha barabara. Na bakuli hataki. Hunywa penye shimo lililochimbwa na wembe."

Mzee alitoa mkono wa kulia chini ya shuka. Katikati ya kiganja, pale mpini wa wembe ulipokaa miaka arobaini, palikuwa na kishimo kigumu, cha kung'aa.

"Mimina."

Mikono ya kinyozi ikaachiliwa ghafla, wembe ukaanguka. Alimimina maji kiganjani kwa baba yake. Yakazama yote. Mzee aliuma mdomo, na nyuma ya pazia pakawa kimya.

Redio alirudi baada ya wiki, na maneno yake yote. Anauliza kwa nini siku hizi kinyozi ananoa kutwa wembe mbovu katikati ya jiwe zuri, akiharibu kazi ya siku mbili. Kinyozi huendelea kunoa. Mzee hukaa nyuma ya pazia, kiganja wazi, kopo la maji pembeni.

"Kimefika wapi?" huuliza kila jioni.

Kinyozi hupitisha kidole juu ya jiwe. "Kucha imeanza kuzama, baba."

"Vizuri. Endelea."

Yeye hamuulizi baba yake swali hilo. Huona mwenyewe anapomvalisha shati. Vidole vimekauka vyeupe, havisikii moto wala sindano, na weupe umepita kiwiko.