Mlango wa Forodha ya Zamani

Yaliyomkuta seremala, mume wa shoga yangu, mimi siyatii chumvi. Mkurugenzi wa makumbusho, kichwa kitupu chenye tai, alimwamuru aupigilie mlango wa forodha ya zamani kwenye ukuta mtupu, komeo likitazama ukumbini.

“Bosi, komeo hukaa ndani. Likitazama huku, basi huko ukutani ndiko nje.”

“Wewe piga misumari. Urithi tuachie sisi tuliosoma.”

Walipofunga madirisha wajaribu taa, kiza kikatanda. Nyuma ya mbao sauti ikaita taratibu: “Hodi.”

“Usiitike, bosi, nakuomba!”

Msomi akacheka. “Mgeni wetu wa kwanza huyo! Karibu ndani!”

Komeo lile lenye kutu, lililoishinda hata nyundo ya seremala, likaanza kujivuta lenyewe, krr, krr.