Mfupa Haupigwi Randa

Kila asubuhi fundi seremala alipokanyaga sakafu, nyumba nzima ilijua.

"Aaah!"

Mke wake, akiwa jikoni anachemsha chai, hakushtuka tena. Ukelele huo ndio uliomjulisha kwamba mume ameamka.

"Pole, baba watoto. Kisigino tena?"

"Kwani nina ugonjwa mwingine?" Fundi alikuwa mwepesi wa kujibu, hasa akiumwa.

Kisha alitoka kwenda uani bila viatu. Alisimama kwenye ngazi ya saruji, akaanza kusugua na kugonga kisigino cha kulia. Sugua, gonga. Sugua, gonga. Machozi yalimlenga, lakini hakuacha.

Alianza hayo baada ya kwenda hospitali. Huko alipigwa picha ya eksirei ya miguu yote miwili. Daktari aliitazama, akasema, "Hapa kisiginoni mfupa umeota ncha." Fundi hakungoja zaidi. Aliogopa neno la pili lingekuwa "kukata", basi akachukua picha yake akaondoka mbio mbio, akichechemea. Njiani akajipangia matibabu. Ubao ukitokeza ncha, unapigwa randa, kisha msasa. Mfupa nao una tofauti gani? Saruji ya uani ikawa msasa wake.

Ncha haikuisha. Maumivu yakazidi. Mwishowe alimwambia mkewe kwamba amepata mtu wa kununua meza yake ya kazi, ile aliyoiunda mwenyewe alipokuwa kijana.

"Fundi asiyeweza kusimama ni fundi gani?" aliuliza.

Mkewe aliingia chumbani akalia. Alijua bila meza ile mumewe angebaki mtu wa kukaa na kununa.

Mchana huo jirani yao alikuja karakana kuchukua kiti chake. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Alimkuta fundi amesimama kwa mguu mmoja.

"Shikamoo, fundi. Mguu mwingine umemwazima nani?"

"Marahaba, mwanangu. Huo ndio unaonifungia karakana."

Mkewe, aliyekuwa mlangoni, akaona heri aseme. "Kila asubuhi anausugua kwenye saruji. Eti anaulainisha mfupa! Nimesema mpaka mdomo umechoka."

"Jamani! Fundi, picha iko wapi?"

Picha ililetwa. Jirani aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa makini. Fundi alishindwa kungoja.

"Sema tu, mwanangu. Wanaukata?"

"Mguu gani unauma?"

"Wa kulia."

"Na wa kushoto?"

"Huo mzima kabisa."

"Njoo uone mwenyewe. Huu wa kulia una ncha ndogo. Sasa tazama wa kushoto."

Fundi alisogeza macho. Ncha ya kushoto ilikuwa kubwa zaidi.

"Loo! Mbona huu hauniumi?"

"Ndiyo hapo! Watu wengi wakifika makamo huota mifupa ya ziada kama hii. Huota polepole pale mfupa unapovutwa au viungo vinaposuguana kwa miaka mingi. Kisiginoni, gotini, mgongoni, hata vidoleni. Wengi wanayo na hawajui. Maumivu kama yako kwa kawaida hayatoki kwenye ncha. Chini ya unyayo kuna utando mgumu, unatoka kisiginoni kwenda vidoleni. Wako umechoka kwa kusimama kwenye sakafu ngumu na ndala hizo."

Wote watatu walizitazama ndala. Zilikuwa zimelika hadi kuonyesha sakafu.

"Na wewe kila asubuhi unaupiga," jirani aliongeza.

"Kumbe nilikuwa nampiga mgonjwa!"

Mkewe ndiye aliyecheka kwanza.

"Kwa hiyo hakuna kukata?" fundi aliuliza tena.

"Wengi hupona bila kupasuliwa. Lakini rudi kwa daktari umsikilize mpaka mwisho, safari hii."

Fundi alikaa kwenye kiti cha jirani, akashusha pumzi ndefu. Mkewe alijifuta macho kwa khanga.

Jirani aliwafundisha. Kabla ya kushuka kitandani, avute vidole vya mguu kuelekea kwake taratibu. Avae viatu vyenye soli nene na laini. Atandike mkeka mzito mbele ya meza, na kazi isiyohitaji kusimama aifanye amekaa. Jioni abingirishe unyayo juu ya chupa ya maji baridi.

"Haitaisha kesho. Ni wiki, pengine miezi. Lakini ukiona ganzi, mguu kukosa nguvu, au uvimbe mwekundu wenye homa, usingoje. Nenda hospitali siku hiyo hiyo."

Mnunuzi alipokuja, fundi alisimama mbele ya meza yake kama mlinzi. "Hii haiuzwi tena, ndugu yangu. Nitakuundia nyingine."

Fundi alirudi kwa daktari, akafuata aliyoambiwa. Saruji aliiacha ipumzike. Alianza kupata nafuu, kidogo kidogo.

Asubuhi moja, mkewe alikuwa jikoni akisubiri ukelele. Kimya. Chai ikachemka. Kimya bado. Alikimbilia chumbani na kukuta kitanda kitupu. Mara akasikia randa ikipita juu ya ubao.

Fundi alikuwa karakana, amesimama juu ya mkeka akiwa na viatu vyake vinene, akiunda meza ya yule mnunuzi.

"Umenitia hofu!" mkewe alisema, mkono kifuani. "Mbona leo hukupiga kelele?"

Fundi aliinua randa. Alikitazama kisigino chake, kisha akamtazama mkewe.

"Nimesahau," alisema.