Mawe Yaliyotoa Povu

Asubuhi, kabla jua halijafika kwenye ukuta wa uani, Mama Povu alikuwa amekwisha kuvaa glavu zake ndefu za mpira. Mbele yake kulikuwa na pipa la mafuta na ndoo ya kostiki, yale magadi makali yanayounguza ngozi. Aliyamimina ndani ya mafuta polepole. Kisha akaanza kukoroga.

Hakuwa na mashine ya kumwambia sabuni imekuwa tayari. Aliinua mwiko, akaacha uji udondoke. Tone likizama, bado. Tone likikaa juu na kuacha alama, tayari.

"Sasa," alisema.

Mume wake, fundi bomba, alishika pipa upande wa pili. Wakamimina kwenye fremu za mbao.

"Umejuaje?" mume aliuliza. Aliuliza hivyo kila siku, kwa kuwa alipenda jibu.

"Wewe unajuaje bomba linavuja ndani ya ukuta?"

"Nasikiliza."

"Basi na mimi naangalia. Kila mtu na macho yake."

Kila kipande cha sabuni yake kilipigwa muhuri wa jani. Watu walinunua lile jani bila kunusa. Walijua mwenye jani hadanganyi.

Mchana ule walikula nyama ya kukaanga na viazi vya kukaanga. Mama Povu alikula akiwa amesimama, kwa sababu kazi haikai. Baada ya muda alishika meza ya kukatia sabuni. Maumivu yalikuwa juu ya tumbo, upande wa kulia, chini ya mbavu. Yalipanda mpaka begani. Jasho likamtoka. Akaenda kutapika nyuma ya tangi la maji.

"Gesi tu," alisema aliporudi.

"Gesi gani inayokupinda kama msumari?" mume alisema. "Wiki iliyopita gesi, juzi gesi. Mke wangu, hii si gesi. Vaa viatu."

Hospitalini walimpaka mafuta baridi tumboni na kupitisha kifaa kidogo juu ya ngozi. Kifaa hicho hupiga picha za ndani kwa sauti ambayo sikio halisikii. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Aliwaonyesha picha.

"Hapa ni ini," alisema. "Ini linatengeneza nyongo, maji ya kijani yanayosaidia kusaga mafuta ya chakula. Hiki kifuko kinaitunza nyongo mpaka ule. Na haya meupe yenye kivuli cheusi nyuma yake ni mawe. Ukila mafuta, kifuko kinajikamua. Jiwe likiziba mlango, ndiyo yale maumivu."

"Yatatoka vipi?"

"Kwa kuwa yanakuumiza tena na tena, mimi nashauri tutoe kifuko chote."

Mama Povu alisimama. "Mimi sikatwi," alisema. "Nitabadilisha chakula."

Alikuwa na sababu. Mama yake mzazi alipasuliwa kwa maumivu ya namna hiyo hiyo. Kovu lake lilikuwa refu kama mfupa wa samaki, na alilala kitandani mpaka watoto wakasahau sauti ya nyayo zake. Kilichomuuma zaidi si kisu. Alipouliza wanamtoa nini, aliambiwa, "Lala hapo, mama, si kazi yako kujua." Alikufa mzee, kwa maradhi mengine, bila kujua walichomtoa. Mambo kama hayo watu husema ni ya zamani, yasahauliwe. Hayasahauliki. Mtu akinyimwa maelezo ya mwili wake mwenyewe, woga huo hurithiwa na mtoto, na mtoto hukimbia hata daktari mwema.

Basi chakula kikabadilika. Mama Povu alichemsha kila kitu. Alikula mboga, maharage, matunda, samaki wa kuchemsha. Mume alikula naye na hakulalamika, ila siku moja alimwuliza kuku wa kuchemsha kwenye sahani, "Na wewe ulikosa nini, ndugu yangu?"

Maumivu yalipungua. Mama Povu akaanza kutembea kifua mbele. "Yameyeyuka," aliwaambia wateja. Akaona akila kidogo zaidi yatayeyuka haraka. Akaacha chakula cha asubuhi. Kisha akaacha cha jioni. Akakonda upesi, nguo zikamning'inia. Siku moja alikuwa amekula ndizi tu. Maumivu yakaja yakamlaza chini, kati ya fremu za sabuni.

Hapo ndipo wifi yake, dada wa mume, alipoleta chupa. Wifi alikuwa msusi. Chumba chake cha kusukia kilikuwa mbele ya nyumba ile ile, na habari zote za mtaa zilipitia kwake zikiwa bado za moto.

"Wifi, acha kujitesa," alisema. "Kunywa hii yote kabla ya kulala. Kesho asubuhi mawe yanatoka yenyewe. Bwana Chupa anauza pale kwenye mzunguko wa barabara. Watu wamejaa kama siku ya mshahara."

"Ina nini?"

"Siri ya mababu."

Siri ya mababu ilikuwa mafuta ya kula na maji ya ndimu. Bwana Chupa alikuwa na kipaza sauti juu ya gari na koti jeupe lisilo na hospitali. Kabla yake, pale pale, alisimama mwenye kuuza mikanda ya shaba ya kuvuta sukari kutoka kwenye damu. Kabla ya huyo alikuwapo wa udongo wa kuponya macho, na kuna mjane mtaani huo anayeongozwa kwa fimbo mpaka leo. Watu hawa hawakomi. Huondoka na hela za wagonjwa, hubadilisha rangi ya chupa, kisha hurudi.

Mama Povu alikunywa. Asubuhi aliita kutoka chooni, na sauti yake ilikuwa ya ushindi. Vilikuwa vimetoka vidonge vya kijani, vya mviringo, vingi. Aliviosha, akavitia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko.

"Nilikuambia nini?" wifi alisema. Aliichukua chupa ile akaipitisha kwa wateja wake wote, waliosukwa nusu na waliosukwa nzima.

Jioni Bwana Chupa mwenyewe alifika, amenyoosha shati. "Mama, wewe ni mtu wa kuaminika," alisema. "Njoo Jumamosi useme kwenye kipaza sauti. Neno lako moja ni zaidi ya maneno yangu mia."

Mama Povu alifurahi. Nani hapendi kuaminiwa? Alikubali.

Siku iliyofuata aliiweka ile chupa kwenye meza ya kukatia sabuni, aitazame akifanya kazi. Jua likapanda. Alipogeuka, vidonge vilikuwa vimelegea. Akakunja uso. Alivaa glavu, akafungua, akabonyeza kimoja. Kikateleza kati ya vidole.

Aliujua mtelezo ule. Aliujua kuliko alivyojua uso wake.

Akatia maji kwenye chupa, akafunga, akatikisa. Povu likapanda, jembamba, la kijani. Alibaki amesimama. Kisha alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Baba watoto," aliita. "Njoo uone. Nimeuziwa sabuni. Mimi. Sabuni."

Mume alikuja mbio. Akatazama povu, akamtazama mkewe. Alitaka kucheka, akaona kicheko cha mkewe kimekatika.

"Alitaka niwaambie watu," Mama Povu alisema. "Kwa mdomo wangu huu."

Walimwita jirani yao, muuguzi wa kituo cha afya, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini na viatu mkononi. Aliitikisa chupa, akatabasamu.

"Umeelewa mwenyewe, dada," alisema. "Mafuta uliyokunywa yamekutana na maji ya tumboni, yenye chumvi na ukali wa magadi. Yakaganda yakawa vidonge vya sabuni. Rangi ya kijani ni nyongo yako. Anayekunywa chupa ile atatoa vidonge, awe na mawe au asiwe nayo."

"Kwa hiyo tumbo langu limefanya kazi yangu."

"Tena bila kukulipa," mume alisema.

"Na mawe yangu?"

"Yapo pale pale. Tena mafuta mengi kwa mara moja hukikamua kifuko kwa nguvu. Jiwe lingeweza kuziba mlango kabisa."

"Na chakula changu cha kuchemsha? Si kilinisaidia?"

"Kilikusaidia kupunguza maumivu, kwa sababu kifuko kilipumzika. Chakula kizuri ni kizuri, usikiache. Lakini hakiyeyushi jiwe lililokwisha kuwa jiwe. Na kule kukonda haraka, kushinda na njaa, kunaongeza mawe. Nyongo isipotoka, inaganda."

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Ulisimama ukaondoka," mume alisema taratibu.

Mama Povu alivua glavu zake. Kisha akasema, "Kila mwenye mawe lazima akatwe?"

"Hapana. Wapo wenye mawe yasiyouma kamwe. Mara nyingi hao huachwa. Wewe yanakuuma, na yanarudi. Na sikiliza, hili usilisubirie miadi. Maumivu yakikataa kuondoka kwa saa kadhaa, au ukipata homa na kutetemeka, au macho yakiwa ya njano, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Hata kama ni usiku."

Walirudi kwa daktari. Safari hii Mama Povu hakusimama. Alivuta kiti karibu na meza.

"Mama yangu alikatazwa kuuliza," alisema. "Mimi nitauliza mpaka nitosheke."

"Uliza, mama," daktari alisema. Aliweka kalamu chini.

"Nitaishije bila kifuko?"

"Kifuko hakitengenezi nyongo, kinaitunza tu. Ini litaendelea kuitengeneza, nayo itatiririka kidogo kidogo mpaka kwenye utumbo."

"Kama nyumba isiyo na tangi," mume alisema. "Maji yanatoka bombani moja kwa moja."

"Hivyo hivyo, fundi. Wengine huharisha kidogo mwanzoni, hasa wakila mafuta. Kwa wengi hutulia."

"Mtanikata kama mama yangu?"

"Tunakusudia matundu madogo manne na kamera. Ukiwa umelala usingizi wa dawa hutasikia kitu. Lakini sitakuficha. Nikikuta ndani pagumu, nitafungua kwa mkato mkubwa, kwa usalama wako. Kuna hatari ya kutoka damu, ya kidonda kuingia vijidudu, na mara chache, ya kujeruhi mrija wa nyongo."

"Na nisipofanya?"

"Unaweza kuendelea na chakula. Pengine utapata nafuu ya muda. Lakini jiwe linaweza kuziba mrija au kuliumiza kongosho, na hapo tutakupasua kwa haraka, ukiwa mgonjwa zaidi. Mwili ni wako. Uamuzi ni wako."

Hakuna aliyewahi kumwambia mama yake maneno hayo mawili ya mwisho. Mama Povu aliyasikia kwa niaba ya wote wawili.

"Nikiamka nataka kuyaona," alisema. "Mawe yangu. Mniwekee."

Aliamka na bandeji ndogo nne na midomo mikavu. Kando ya kitanda kulikuwa na kichupa. Ndani yake mawe ya hudhurungi, yenye pembe, yaliyolia kwenye kioo kama kokoto. Siku iliyofuata alitembea hadi nyumbani kwake kutoka kwenye gari, mkono wa mume kiunoni. Aliambiwa asibebe kizito kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mume alijaribu kukoroga sabuni peke yake. Ikagawanyika, mafuta juu, maji chini.

"Uliangalia tone?" mkewe aliuliza kutoka dirishani.

"Nilisikiliza," mume alisema.

Wifi alikuwa akimletea supu isiyo na mafuta. Siku moja aliiweka chini na hakutaka kukaa. "Wifi, nina neno baya," alisema. "Ingawa hukwenda ile Jumamosi, Bwana Chupa anatangaza jina lako. Anasema Mama Povu, yule wa jani, amepona kwa chupa yake. Watu wananunua kwa sababu yako. Mimi ndiye niliyemletea habari. Nisamehe."

"Utabeba pochi yangu Jumamosi ijayo," Mama Povu alisema. "Mimi sijaruhusiwa kizito."

Jumamosi ile watu walikuwa wamejaa kwenye mzunguko wa barabara. Bwana Chupa alipomwona akija alinyoosha mikono. "Huyu hapa mwenyewe," alisema kwenye kipaza sauti. Akampa.

Mama Povu alitoa vichupa viwili kutoka kwenye pochi iliyobebwa na wifi.

"Mnanijua," alisema. "Mnaoga na kazi yangu. Hiki ndicho kilichotoka nilipokunywa dawa ya huyu bwana." Alikitikisa. Povu likapanda mpaka kwenye kifuniko. "Nani hapa hajui hiki ni nini?"

"Sabuni," mwanamke mmoja alisema. Kisha wengine wakasema.

"Sabuni, tena mbaya. Ningekuwa nimeipika mimi ningeitupa. Na hiki ndicho alichonitoa daktari, baada ya kunijibu kila nililouliza." Akakitikisa cha pili. Hakukuwa na povu. Kulikuwa na mlio wa mawe tu, kakaka, na kipaza sauti cha Bwana Chupa kiliupeleka mlio ule mpaka upande wa pili wa barabara.

Bwana Chupa alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Wifi alisimama katikati, pochi kifuani. "Subiri," alisema. "Hajamaliza."

"Mwenye maumivu haya asiogope kupimwa," Mama Povu alisema. "Asiogope kuuliza. Anayekukataza kuuliza, iwe mwenye chupa au mwenye koti, mwogope huyo. Nimemaliza."

Watu walianza kurudisha chupa kwenye gari. Hawakupiga kelele. Waliziweka chini moja moja, mpaka gari likazungukwa.

Leo Mama Povu amerudi kwenye pipa. Anakula vyote, mafuta kwa kiasi, na hakosi chakula cha asubuhi. Makovu yake manne ni madogo kama punje za mahindi. Vichupa viwili viko juu ya rafu, kando ya muhuri wa jani, na mteja anayeuliza huruhusiwa kuvitikisa mwenyewe.

Aliinua mwiko. Tone likakaa juu, likaacha alama.

"Sasa," alisema, akashika pipa upande wake.