Tiketi ya Bure ya Kwenda kwa Mama

Mambo yote yalianzia mlangoni pa duka kubwa, Jumamosi asubuhi, Fundi akiwa ametoka kununua vifungo. Fundi ni mshona nguo, mama wa watoto wawili, ana mdomo mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Siku hiyo alikuwa na furaha zake. Hela ya tiketi ya ndege ilikuwa imetimia benki. Mama yake aliishi nchi nyingine, kwa kaka yake Fundi, na macho yake yalizidi kufifia. Daktari alisema mwaka huu bado ataona, mwakani hajui. Fundi alitaka jambo moja tu: mama amwone usoni kabla hajapofuka.

Sasa hapo mlangoni alikaa kijana wa benki, na meza yake, na mwavuli wake, na tabasamu la kumtoa nyoka pangoni. Akamwonyesha kadi ya mkopo yenye picha ya ndege. Ukinunua kitu kwa kadi hii unapata pointi. Pointi zikifika elfu arobaini, tiketi ya bure. Tena unapewa begi la magurudumu, na ukifika uwanja wa ndege unakaa kwenye ukumbi wa wakubwa, viti vya ngozi, juisi unajimiminia mwenyewe.

Fundi hakuuliza swali hata moja, yeye ambaye akinunua zipu huivuta mara kumi.

Nyumbani, mumewe, fundi friji, aligeuzageuza ile kadi. "Hela ya tiketi unayo," alisema. "Si uende tu?"

"Niichome ya nini, baba watoto, na ya bure inakuja?"

Basi akaanza kukimbiza pointi. Siku zote wateja wake walileta vitambaa vyao wenyewe. Sasa akawaambia wasijisumbue, atawanunulia yeye, watamrudishia siku ya kuchukua nguo. Akapitisha kadi kwa sare za shule, kwa mapazia ya zahanati, kwa magauni sita ya harusi moja. Lakini wateja mnawajua. Nguo ya wiki hii inachukuliwa mwezi ujao, na bei inaombewa punguzo. Benki haijui hayo. Kila mwezi Fundi alilipa kile kiwango cha chini tu, na kilichobaki kikapandishiwa riba. Riba hakuitazama. Alitazama pointi.

Mama akipiga simu, anaambiwa bado elfu kumi. Bado elfu sita. Mama anacheka, anasema basi mwanangu jitahidi, maana wajukuu hapa nawajua kwa sauti sasa.

Miezi minane ikapita ndipo pointi zikatimia. Siku hiyohiyo jirani yake, mkata tiketi kwenye ofisi ya usafiri, alikuja kupunguziwa sketi kiunoni. Fundi, pini zimejaa mdomoni, akammwagia habari zote na kumwomba amkatie tiketi palepale. Jirani akachukua simu ya Fundi, akafungua ukurasa wa kadi, akasoma masharti mpaka chini. Uso ukambadilika.

"Shoga, pointi hizi ni za shirika moja tu la ndege. Na shirika hilo haliendi kwa mama yako."

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja. "Kwani ndege si ndege?"

"Kwa pointi, hapana."

Jirani hakumcheka. Alivuta kigoda akamweleza taratibu. Kadi ya safari huanzi na zawadi zake, unaanza na safari yako. Unaenda wapi? Ndege gani inafika huko? Pointi hizi zinakubalika kwenye ndege hiyo? Viti vya pointi ni vichache, vinawahiwa mapema, na kodi za uwanja unalipa mwenyewe. Kisha ulizia ada ya kila mwaka. Kama unasafiri mara moja tu, ukumbi wa viti vya ngozi ni wa nini?

"Halafu kubwa kuliko yote," alisema, "kama huwezi kulipa deni lote kila mwezi, kadi ya pointi si yako. Hebu tuone hii riba."

Wakaitazama pamoja. Riba na ada vilikuwa vimekula zaidi ya nusu ya bei ya tiketi.

Wiki ileile kaka akapiga simu. Mama aliamka asubuhi akauliza kwa nini hawajafungua madirisha. Yalikuwa wazi.

Fundi alichukua akiba ya tiketi akalipa deni lote, akaifunga kadi. Wateja wakaanza tena kuja na vitambaa vyao mkononi, wengine wakinuna. Ilimchukua miezi mitano kupata tiketi nyingine, na aliilipa taslimu. Baadaye, kwa msaada wa jirani, alichukua kadi isiyo na ada, ya shirika linalofika kwa mama. Huitumia kununua chakula cha nyumbani tu, na kila mwisho wa mwezi benki inakata deni lote kwenye akaunti yake. Pointi zinakuja polepole. Mwaka wa pili zilimpunguzia nauli robo. Si haba.

Lakini safari ile ya kwanza, ile ya taslimu, alimkuta mama ameketi kitandani, uso umegeukia ukutani. Mama alimpapasa mashavu, akasema amenenepa. Wakacheka kidogo. Kisha mama akamshika kiganja.

"Mbona hukuja wakati ule?"

"Nilikuwa nasubiri tiketi ya bure, mama."

Mama akafikiri. "Na ya kununua ilikuwa bei gani?"

Fundi alitazama yale macho yasiyomtazama.

"Nilikuwa nayo, mama," alisema. "Hela yake nilikuwa nayo."