Atara na Shamba la Marehemu Baba

Ndani, mama yake Atara alikuwa anagumia kwa uchungu. Nje uani, baba mkubwa Shilemi alikuwa anatafuna zabibu kavu, katulia tuli, utadhani kaja kuchagua mbuzi. Pembeni alikaa mwanawe Guni, kijana mpole wa maneno machache.

Hakuna asiyejua walichokuwa wanangoja. Mdogo wake Shilemi alifariki wakati wa mavuno ya shayiri, hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha mke mjamzito na binti mmoja, huyo Atara. Sasa mkunga akitoka na mtoto wa kike, shamba ni la mabinti, na kwa sheria ya Musa binti mwenye shamba haolewi nje ya kabila, basi. Wao walikuwa wa Naftali, kwa hiyo Naftali kwa Naftali. Guni angemchukua Atara siku hiyohiyo wamalize. Akizaliwa wa kiume, shamba ni la mtoto, na Atara aolewe na amtakaye.

Na aliyemtaka alikuwa Yimna, mkamua mafuta wa kabila la Asheri, ng'ambo ya bonde.

Kwa hiyo binti wa watu kajibanza nyuma ya tanuri la mkate anamwomba Mungu amnyime urithi. Jamani, mapenzi haya.

Mkunga akachungulia mlangoni, jasho likimtiririka.

"Wa kiume."

Shilemi alitema kokwa, akasema Bwana asifiwe kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba. Atara alilia kwa furaha mpaka akakaa chini.

Mtoto akatahiriwa, akaitwa Asieli. Wazee wa Yimna wakaja na mitungi ya mafuta, wakakaa na Shilemi langoni, wakaelewana. Harusi ikapangwa baada ya mavuno ya zabibu. Miezi hiyo Atara alikuwa haonekani bila Asieli mgongoni. Kisimani, shambani, kila mahali. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi, na alijua kwa nini. Hata Yimna alipokuja kumsalimia alimkuta naye.

"Kwetu Asheri tunaosha miguu kwa mafuta," Yimna alimtambia.

"Ndiyo maana mnateleza mkishaahidi."

"Mimi nimeshateleza, Atara. Nimeangukia kwako, na kuinuka sitaki."

Alicheka hadi mtoto akaamka.

Zabibu zilipoanza kuiva, Asieli akashikwa na homa. Akakataa ziwa. Walimpa kila dawa aliyoijua mkunga, lakini wapi. Yimna aliposikia alikuja mbio, akamvuta Atara kando ya ukuta. Hakuzunguka.

"Tusingoje mavuno. Nije kesho na watu wangu."

"Mdogo wangu anaumwa, Yimna. Nitavaaje shela?"

"Kwa sababu anaumwa ndiyo nasema. Ukiingia kwangu yeye akiwa hai, hakuna wa kukurudisha. Akitutangulia..." Hakumaliza.

Atara alimchukia kwa maneno yale, tena alimchukia kwa sababu alikuwa ameyawaza yeye kwanza. Akaenda kumwambia mama yake. Mama, mwanamke mkavu asiyependa mambo mengi, alimwangalia tu, akasema waje.

Kesho yake wanawake wa kijiji wakamjaa chumbani, wakamsuka, wakampaka manukato, wakamchezea matari. Mama alikuwa amekaa pembeni, amemkumbatia Asieli kifuani kwenye nguo ya sufu, anambembeleza kwa wimbo wa chinichini. Hakumpa mtu yeyote amshike. Wanawake walipotoka kwenda kupokea msafara wa bwana harusi, Atara aliinama kumuaga mdogo wake.

"Muache," mama alisema. "Ndiyo kwanza amelala."

"Nimbusu tu, mama."

"Nimesema muache."

Kiguu kilikuwa kimechomoza kwenye nguo. Atara alikishika akirudishe ndani. Kilikuwa cha baridi, kigumu.

"Mama."

"Nyamaza."

"Tangu lini?"

"Alfajiri. Nimeshalia, nimemaliza. Vaa shela yako."

Nje matari yalikuwa yanakaribia.

"Wakijua je?"

"Watajua kesho. Kesho utakuwa mke wa mtu, Shilemi hatakugusa."

"Na shamba?"

"Atalichukua yeye. Wewe utakuwa wa Asheri, halitakufuata."

"Na wewe, mama?"

Mama alivuta nguo ya mtoto vizuri, kana kwamba anamkinga na upepo. "Mjane hana fungu, hilo unalijua. Nitaokota masazo ya mavuno kama wajane wenzangu."

"Kwenye shamba lako mwenyewe?"

"Lini lilikuwa langu? Lilikuwa la baba yako, likawa la huyu, sasa ni lako. Mimi nililipalilia tu. Nenda, mwanangu. Nakuomba."

Sauti ya Yimna ikasikika mlangoni, inawatania wanawake waliomzuia, inasema kama bibi harusi amebadili mawazo arudishiwe mafuta yake. Watu wakacheka. Atara akateremsha shela, akatoka.

Yimna alikuwa anameta kwa mafuta, anatabasamu kama mtoto. Akanyoosha mkono. Zilibaki hatua chache tu, na Atara alizitaka kwa roho yake yote. Lakini nyuma yake, chumbani, mama alikuwa ameanza tena kumwimbia marehemu, sauti imepasuka, hataki watu washtuke. Mwanamke anamwimbia maiti ili binti yake aolewe. Miguu ya Atara ikagoma.

Akageuka, akaingia ndani, akambandua mtoto mikononi mwa mama, akatoka naye.

"Baba mkubwa," akamwambia Shilemi. "Asieli amefariki."

Matari yakanyamaza. Shilemi alifunika uso, na kwa haki ya Mungu alilia kweli, maana damu ni damu. Yimna alibaki na mkono wake umenyooka. Akasema kwa sauti ndogo.

"Ungeniambia kesho, Atara."

"Najua."

"Kesho tu."

"Najua, Yimna."

Alasiri walimzika Asieli kwenye pango la baba yake. Watu wa Asheri wakashuka bondeni na matari yao kwapani.

Matanga yalipoisha Atara aliolewa na Guni. Mama yake akabaki nyumbani mwake, akaendelea kupalilia. Kila mtu alisema mambo yameisha vizuri.

Usiku wa harusi Guni alimwekea mkate na zeituni, akakaa mbali naye.

"Mimi pia nilikuwa na mtu wangu," akasema. "Huko kwa kabila la Isakari. Baba akaniambia nimwache, shamba la mdogo wake haliwezi kupotea."

Atara hakuwahi kumsikia Guni akisema maneno mengi namna hiyo.

"Unanichukia?" Guni akauliza.

Atara alifikiri. Alimfikiria Shilemi na kilio chake, mama, Yimna, hata Musa aliyewaletea sheria.

"Nimetafuta wa kumchukia, Guni," akasema. "Sijampata."

Guni akamsogezea mkate. Wakala.