Usukani wa Mkono Uliofichwa

"Rudisha usukani mahali ulipoutoa, wifi. Jumamosi gari linauzwa."

Mshonaji wa ngozi hakuinua uso. Usukani ulikuwa umebanwa kwenye jiliwa la meza yake ya kazi, naye alikuwa akiuambua ngozi kuukuu, iliyokauka na kupasuka kama kisigino kisichojua mafuta.

"Ndugu yako amevunja uchumba, dada, nawe bado waniita wifi?"

"Ni mazoea ya ulimi. Utaacha."

"Usiukataze. Huenda unajua usemalo."

Dada mkubwa wa mchumba wake alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa. Hakuwa mwanamke mbaya. Wazazi walipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, na mlezi ana hofu kuliko mzazi.

"Nitamchukua kwangu, mbali na hapa," alisema. "Atakaa dukani, atauza vitambaa. Huko hakuna anayejua alikuwa nani."

"Yeye amekubali?"

"Amenyamaza."

"Aliyenyamaza hajakubali."

"Basi nenda ukamuulize! Akikufungulia mlango, nitawapikia wageni wenu wa harusi peke yangu, kwa vidole vyangu kumi!"

Neno lilikwisha kumponyoka. Wote wawili wakatazama chini, maana vidole ndivyo vilivyoleta msiba ule.

Ndugu yake alikuwa makanika katika gereji iliyopakana na karakana ya mshonaji, na siku za mapumziko alishindana na wenzake kupandisha magari mlimani. Walimwita Kona, kwa kuwa hakuna kona iliyowahi kumtisha. Gari lake lilikuwa jekundu, la viti viwili, la michezo, limeundwa kabla yeye hajazaliwa, tumbo lake nusura liguse lami. Siku moja, akiwa ameinamia injini ya mteja, feni ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, kile cha mwisho na jirani yake. Kidonda kilipona, lakini mkono haukutoka mfukoni tena. Hakuna aliyeuona, hata mchumba wake. Kisha ukaja ujumbe:

"Nimekuacha huru. Tafuta mwanamume aliyekamilika. Usinipigie."

Mshonaji aliusoma akiwa amesimama, akaujibu akiwa amekaa: "Sikuwa mfungwa." Tangu siku hiyo hakupata neno lingine.

"Nipe mpaka Jumamosi, dada," alisema sasa.

"Umtie tamaa bure? Atakayeanguka ni ndugu yangu, si wewe."

"Na atakayeachwa ni mimi, si wewe. Nipe mpaka Jumamosi."

Dada aliinuka, akakung'uta gauni lake. "Jumamosi asubuhi mnunuzi yuko hapa. Usinifanye nikajuta."

Usukani ule ulikuwa mwembamba kama kidole cha mtoto, na gari lenyewe lilikuwa zito kupinda, la gia za mkono. Mkono wa kushoto ukienda kwenye gia, wa kulia ndio unaobaki peke yake na usukani. Hapo ndipo Kona alipokata tamaa, na hapo ndipo mshonaji alipoanzia. Aliuzungushia raba ili unenepe, akaifunika raba kwa ngozi nyeusi laini, akaishona kwa uzi mwekundu uliotiwa nta, sindano mbili zikipishana katika kila tundu. Kipimo cha kiganja alikuwa nacho: glavu ya mashindano ambayo mchumba wake aliisahau kwake zamani. Kila alipotaka kujua unene, aliizungusha kwenye usukani.

Alipomaliza na kuurudisha garini, alipiga simu kwa namba ya dada.

"Mpe ndugu yako simu, tafadhali."

Simu ikabadilisha mikono. Kisha, "Nasikia."

"Kesho kutwa gari lako linaondoka. Hata mbwa huagwa. Njoo uliage."

Alikuja gereji, mkono mfukoni. Alipouona usukani alisimama ghafla.

"Nani kafanya hivi?"

"Unamjua mwingine anayeshona mshono huu? Kaa ndani, ulizungushe uwanjani tu."

Alikaa. Kabla ya kuutoa mkono alimwambia, "Geuka." Naye akageuka, akausikiliza mngurumo wa injini mgongoni mwake. Gari lilikwenda vizuri likiwa limenyooka. Lilipofika pembe ya uwanja, akatia gia, mkono wa kulia ukateleza. Gari likaparamia matairi ya zamani yaliyorundikwa ukutani, nayo yakaporomoka juu ya boneti.

Alishuka, mkono ameurudisha mfukoni, akaubamiza mlango.

"Umeridhika?"

"Umeumia?"

"Nakuuliza, umeridhika? Kipimo ulikitoa wapi?"

Mshonaji alimwonyesha glavu. Kona aliitazama kama mtu aonyeshwaye picha ya marehemu.

"Ina vidole vitano hiyo! Umemshonea mtu ambaye hayupo. Ndiye unayemtaka, wala si mimi. Kaolewe naye!"

"Na huyu aliyepo ananinyima hata kumtazama! Ningepima nini? Mfuko wa suruali?"

Kona akapiga teke tairi lililokuwa karibu na mguu wake.

"Nimekosea," mshonaji aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Fundi hapimi kwa kumbukumbu, na mimi nimepima kwa kumbukumbu. Nilidhani nakuheshimu. Lakini nawe umekosea. Umeniamulia kwamba nitachukizwa, ukanihukumu, ukanifukuza, na ushahidi umeuficha mfukoni. Hiyo ni haki?"

"Mkono wenyewe unatisha."

"Nimeambua ngozi tangu nikiwa msichana. Nitishwe na mkono?"

"Usinihurumie."

"Nikuhurumie wewe uliyeniangushia matairi yote haya? Utayapanga mwenyewe!"

Bila kupenda, Kona alicheka. Hakuwa amecheka tangu ajali. Na kicheko kilipokuwa bado mdomoni, aliutoa mkono mfukoni, akaunyoosha mbele yake, macho ameyafumba.

Mshonaji hakulia, wala hakuubusu. Aliushika kwa mikono yake miwili, akaugeuzageuza kama fundi.

"Gumba lina nguvu?"

"Lina nguvu."

"Na hapa, penye kovu, panauma nikibonyeza?"

"Pamekufa ganzi. Hapo ndipo unapoteleza."

"Fumbua macho, basi. Kazi hii ni ya watu wawili."

Aling'oa mshono wote alioushona. Akaupaka usukani udongo laini wa mfinyanzi, akamwambia aushike kama anayepinda kona kali, kwa nguvu zake zote. Alipouachia, udongo ulikuwa umeuandika mkono ule kama ulivyo: penye vidole na pasipo na vidole. Kwa kuufuata alichonga raba upya, akainua tuta pale palipokuwa na pengo, na ukingo wa kuegemeza kiganja, kisha akavika ngozi. Kona alikaa kando yake akiutia uzi nta, wakibishana kuhusu rangi.

"Nyekundu inapiga kelele."

"Na gari lako linanong'ona?"

Jumamosi mnunuzi alifika mapema, daktari wa meno mstaafu, mpenda magari ya kale. Aliketi, akaushika usukani, akakunja uso.

"Mbona una jipu huu? Nani kauharibu?"

"Shuka kidogo, mzee wangu," alisema Kona. "Nikuonyeshe unavyotumika."

Dada akamkimbilia. "Mlimani huendi! Nimeshazika wazazi, sitakuzika na wewe!"

Kona akamshika begani kwa mkono wa kulia. Dada akautazama mkono ule, kwa mara ya kwanza, ukiwa nje, juani.

"Dada, umenibeba vya kutosha. Leo nitazame tu."

Mshonaji alikuwa ameshaingia na kufunga mkanda. Barabara ya mlima ilionekana yote kutoka gereji, ikijipinda kama utepe ulioangushwa. Kona ya kwanza, mkono wa kushoto ukaenda kwenye gia, wa kulia ukabaki peke yake. Mshonaji aliutazama, pumzi ameibana. Tuta liliingia penye pengo, kiganja kikaegemea, usukani ukatii. Kona ya pili. Ya tatu, ile kali kuliko zote, iliyo juu ya bonde.

"Umeshika?" alipaza sauti.

"Usukani umenishika wenyewe!"

Kule chini makanika walipiga makopo na spana wakishangilia. Kileleni Kona alizima injini. Akatoa simu, akaandika, na simu ya aliyekaa ubavuni mwake ikalia:

"Ule ujumbe wangu ulikuwa wa mwoga. Nataka kukuoa. Bado unanitaka?"

Mshonaji akaandika naye, uso mkavu:

"Mwenyewe yuko hapa, ana mdomo. Aseme."

Akasema. Aliyoyasema ni yao wawili. Jibu lilikuwa ndiyo.

Waliposhuka, mnunuzi aliwasubiri na kofia mkononi.

"Gari hili siwezi kulinunua," alisema. "Lina mwenyewe. Usukani ule utamkataa mtu mwingine yeyote."

Dada alikuwa akilia waziwazi. Alimkumbatia mshonaji hadi pumzi zikamkatika.

"Wifi," alisema. "Wifi yangu. Nilidhani namlinda."

"Ulimlinda, dada. Sasa tusaidiane."

Ilibaki nyumba moja. Baba wa mshonaji, mwalimu mstaafu asiyejua mzaha, alikuwa amepiga marufuku jina la Kona kutajwa mezani pake tangu uchumba uvunjike. Alikuwa barazani gari jekundu liliposimama likinguruma. Kona alishuka, akapanda ngazi, akampa mkono wa kulia, wazi kabisa.

"Shikamoo, baba. Nilimkosea binti yako, na nyumba hii nikaivunjia heshima. Nimekuja kuomba radhi, na kumwomba tena."

Mzee aliutazama mkono. Akaushika, akaubana barabara, asiuachie.

"Marahaba. Mkono wako una nguvu," alisema. "Lakini hilo gari lenu limeziba lango langu. Liondoe, kisha ingia ndani unieleze harusi ni lini."